Finjani Iliyojaa

Girga, 3 Machi 1998

Mdogo wangu Shazli,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Rasmiya na wanao. Huku tu wazima kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima. Mashine yangu inasaga. Shangazi Zanuba kapata mjukuu wa kike, wamempa jina langu, Tafida. Nimewaambia wamwonee huruma mtoto. Jiko la marehemu baba liliporomoka upande wa mfereji, nimelijenga upya kwa matofali ya kuchoma. Udongo sitaki tena.

Naandika kwa mkono wangu, kama unavyoona kwa ubaya wa hati. Nilijifunza herufi ukubwani ili makarani wasiniibie. Sasa naona zina faida ya pili: naweza kusema na ndugu yangu bila mtu wa tatu kukohoa pembeni.

Basi. Dahi alitoka hapa baada ya Idi kwenda Zarqa kuniangalizia injini ya mtumba. Akapanda meli Nuweiba, akapanda basi Aqaba. Amerudi ndani ya sanduku. Wewe ulilipakia sanduku melini ukabaki huko, ukasema bwana wako wa kazi hakukupa ruhusa. Mjomba hakumzika mwana wa dada yake kwa sababu ya shamba la nyanya. Haya, nalo limepita.

Karatasi iliyokuja na sanduku inasema "risasi iliyopotea". Eti msafara wa harusi ulifunga barabara, basi likasimama, wanaume wakawa wanapiga risasi juu kwa furaha, moja ikashuka ikamwangukia mwanangu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wetu ni Haji Dardiri. Aliniita: "Mama Dahi, njoo uone kwa macho yako." Imeingia kifuani, imetoka mgongoni, kimo kile kile. Nikamleta daktari wa serikali, akapima, akaandika, akagonga muhuri. Sasa niambie, wewe uliyesoma: risasi gani hiyo iliyopanda mbinguni, ikashuka, ikafika usawa wa kifua cha mtu ikapinda kona kama mhudumu mwenye sinia, ikaingia kwa mbele? Mimi kazi yangu ni unga. Kinachomiminwa kwa juu hutokea chini.

Abiria wawili wa Sohag waliokuwa kwenye basi hilo wamenijia. Dahi alishuka akasema, "Jamani, tupisheni, ndani mna watoto na mgonjwa." Sauti ikajibu kwa kicheko, "Mmisri anatufundisha barabara yetu!" Kisha mlio. Wao walikuwa viti vya nyuma. Walisikia, mkono hawakuuona. Walioona mkono ni watu wa harusi. Jina la mwenye mkono linajulikana: Hazaa, mwana wa Sheikh Mutlaq, mkuu wa ukoo wao. Bwana harusi ni Fawaz, binamu yake.

Rambirambi sikupokea. Watu walikuja nikawarudisha mlangoni. Hakuna turubai, hakuna msomaji wa Kurani, hakuna kahawa. Wewe umezaliwa hapa, unajua: nyumba iliyouliwa mtu haipokei pole kabla ya haki. Wana wa shemeji yangu wakadhani nimewapa ruhusa ya kupaka bunduki mafuta. Nikawaita.

"Mnamtaka nani?"

"Yeyote wa ukoo ule, mama mkubwa."

"Yeyote hakuniulia mwanangu. Aliyemwua ana jina."

"Na tukimkosa huyo?"

"Mtakuwa mmemliza mama mwingine, na mimi machozi yangu yatakuwa pale pale. Kaeni chini."

Wamekaa. Lakini wamenipa mpaka mahindi yavunwe. Mahakama ikisema jina la Hazaa kabla ya hapo, bunduki zinarudi darini. Isiposema, wanavuka, na hapo mimi sina tena sauti. Ndiyo maana nimekutumia hati ya uwakala yenye muhuri: uchukue vitu vya Dahi, ufuate kesi. Karani aliniuliza, "Tuongeze na kusuluhisha, hajja?" Nikamwambia aandike alichoambiwa.

Fuata kesi. Usifanye kitu kingine.

Dadako,
Tafida


Ghor, 29 Machi 1998

Kwako dada yangu mpenzi, mama yangu wa pili, Mama Dahi,

Salamu nyingi zisizo na idadi, kama majani ya mitende. Ama sisi tu salama, Rasmiya anakusalimu, mkubwa wetu amefaulu hesabu, bila shaka amekufuata wewe. Nyanya mwaka huu zimejaa shambani mpaka tunakanyaga. Joto limeanza mapema. Nilipata homa siku chache, sasa nimepona, alhamdulillahi.

Dada, mimi nalia usiku na mchana. Ruhusa niliomba, naapa. Lakini kazi za watu unazijua.

Kesi inaendelea. Mahakamani nimekwenda, nimekaa, wamesema nirudi. Watu wa hapa ni waungwana kuliko unavyodhani. Ujumbe wao ulikuja kwangu, Mama Dahi, ungeona! Wanaume zaidi ya thelathini, majoho yenye nakshi, magari yamepangwa mpaka barabara kuu. Majirani walitoka nje kutazama. Sheikh Mutlaq mwenyewe, ndevu nyeupe, ameketi juu ya godoro langu, la kwangu mimi Shazli! Alisema maneno ya kutoa machozi. Alisema Dahi ni mwanawe kama alivyo mwanao. Tulizungumza ya heri, wakaondoka wameridhika.

Kijana Hazaa naye nasikia anajuta. Ni mdogo bado, ameposa.

Tuwe na subira. Yaliyoandikwa yameandikwa.

Mdogo wako mtiifu,
Shazli


Girga, 20 Aprili 1998

Shazli,

Salamu. Pole na homa. Idi imepita, sikuchinja wala sikuoka. Mke wa shemeji kaniletea mikate ya jua, ile inayoumuliwa juani, nikala miwili. Mashine ilikatika mkanda, nimeubadili mwenyewe kwa sababu fundi alitaka kwanza anifariji.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Una majoho, una magari, una ndevu. Huna tarehe ya kesi. Huna jina la hakimu. Umeona nakshi ya joho, hukuona kama Hazaa yuko ndani au nje.

Na hili: "Wakaondoka wameridhika." Watu waliomwaga damu wameingia nyumba ya mwenye damu, wakatoka wameridhika. Wameridhika na nini? Godoro?

Vijana wetu waliofanya kazi Jordani hawakosekani hapa mashineni, na midomo yao haina breki. Najua ujumbe wa suluhu unavyokwenda huko. Wageni wanakaa. Mwenyeji anawamiminia kahawa. Wao wanaziweka finjani chini, hawazigusi, mkubwa wao anaomba anachoomba. Mwenyeji akikataa, wanaondoka, na finjani zimejaa. Akiwaambia "kunyweni", wakanywa, jambo limekwisha: wameomba msamaha wakapewa, na damu imefutwa. Hakuna kutubu wala kurudi nyuma. Hilo, wewe uliyezeekea huko, hata mbuzi wa bwana wako analijua.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, lina jibu la neno moja.

Walikunywa?

Tafida


Ghor, 2 Juni 1998

Kwa mpenzi wa moyo wangu, dada Tafida,

Salamu za upendo. Nisamehe kuchelewa, posta ya huku na shughuli za msimu. Rasmiya anakuletea shungi la hariri kwa mkono wa Bekhit, anayerudi nyumbani mwezi huu, pamoja na zaatari, kiungo kizuri cha milimani. Mdogo wetu ameota meno. Bwana wa shamba ameniongezea chumba kimoja, sasa watoto wanalala peke yao, mshukuru Mungu pamoja nami.

Jina la hakimu nitalitafuta. Hazaa yuko nje kwa dhamana, ndiyo sheria ya huku, si upendeleo. Mashahidi, dada, usitegemee. Nani atamshuhudia mwana wa Sheikh Mutlaq? Watu wote walikuwa wanatazama upande mwingine, wanacheza. Mtu akitaka kupigana na mlima aanze na kuuliza mlima una nini.

Kuhusu lile uliloniuliza, mambo mengine hayafai kuandikwa. Siku tukikutana nitakueleza, tutalia pamoja.

Mdogo wako,
Shazli


Girga, 24 Juni 1998

Shazli,

Salamu kwa Rasmiya na watoto. Shungi nimempa mke wa Haji Dardiri. La hariri halikai kichwani pangu. Zaatari nimeipokea, haina kosa lolote.

Bekhit aliyeileta naye nimempokea. Nilimketisha juu ya gunia, nikamtengenezea chai, nikazima mashine ili nisikie. Unajua mimi huzima mashine mchana kwa ajili ya nani? Kwa mtu yeyote siizimi.

"Bekhit mwanangu, kule kwa Shazli ujumbe ulipokuja, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, hajja. Mimi ndiye niliyebeba matakia."

"Wakanywa kahawa?"

Akatazama chai yake. "Hajja, mimi nilibeba matakia tu."

"Bekhit. Nimekulisha ulipokuwa huna kiatu."

"Walinywa. Waliziweka chini kwanza, kama wanavyofanya. Mzee akaomba. Mjomba Shazli akainuka, akasema 'Kunyweni, kunyweni, nyumba ni yenu.' Wakanywa wote kwa pamoja. Kisha wakambusu mabega, wakatoa karatasi, akatia sahihi."

"Na yule bwana wa shamba, anayempa kazi?"

"Yeye alikaa kulia kwa Sheikh."

"Kwa nini kulia kwake?"

"Ni shemeji yake, hajja. Kamwoa dada yake Sheikh. Hukujua?"

Sikujua. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na mimi Firauni wangu nilimbeba mgongoni kwenda kisimani. Umeniandikia meno ya mtoto, umeniandikia chumba kilichoongezwa, hukuniandikia chumba ni cha nani. Sasa nimekijua na kodi yake.

Nisikilize. Hiyo karatasi uliyotia sahihi, pangusia nyanya. Mwenye damu ni mimi, si wewe. Uwakala niliokupa unasema kuchukua vitu na kufuata kesi. Neno kusuluhisha halimo, wala kusamehe. Karani alitaka kuliweka nikamzuia, kwa sababu mtu akinitolea bure neno nisilolitaka huwa najiuliza litakuja kunidai nini. Nimekwenda kwa wakili hapa, kasoma, kacheka kwa furaha. Uwakala wako nao nimeufuta leo asubuhi. Wewe sasa kwangu ni mtu anayeishi Jordani.

Nakuja. Mahindi yamefika magotini.

Tafida


Karak, 9 Julai 1998

Shazli,

Salamu. Nimefika. Niko nyumba ya wageni nyuma ya mahakama, kwa mjane mmoja mwenye vyumba vinne na paka wengi. Mtu atakayekuletea barua hii ndiye anayechukua nyanya za shamba lako, kwa hiyo usiniambie haikufika.

Wakili nimempata, mwanamke, mfupi, hajui kutabasamu, nimempenda. Karatasi yako hakimu ameitupilia mbali. Taarifa ya daktari wetu ameipokea. Amesema kinachokosekana ni mtu aliyeuona mkono.

Wewe uko saa mbili kutoka hapa. Njoo.

Tafida


Ghor, 11 Julai 1998

Dada,

Namrudisha dereva haraka, nisamehe hati. Siwezi kuja. Nikionekana nawe nimekwisha, mimi na watoto. Tafadhali rudi nyumbani. Hapa si Girga, hapa huna mtu.

Unadhani sikuumia? Mgeni mkubwa yuko mbele yako, nyumba imejaa watu, kahawa inapoa, hanywi. Kwetu mgeni asipokunywa ni aibu kwa mwenye nyumba. Mdomo ulisema wenyewe. Nilikosea kwa adabu, dada. Adabu uliyonifunza wewe.

Usiende kwa Sheikh Mutlaq. Nakusihi kwa kaburi la baba.

Shazli


Karak, 19 Julai 1998

Shazli,

Salamu za Mola kwa watoto, hawana hatia ya baba.

Umeandika "kwetu". Kwetu, nyumba ambayo haijalipiwa damu haiteleki kahawa kabisa. Huwashi jiko kwa ajili yake. Kama ungefuata adabu yetu, wale wageni wasingekuta finjani ya kuweka chini. Kama ungefuata ya kwao, ungenyamaza zikapoa. Uliweza kupotea njia mbili kwa mpigo mmoja, na zote mbili zikakufikisha kwenye chumba cha nyongeza. Mtu anayekosea kwa adabu, kosa lake halimpi nyumba.

Ahsante kwa kunitajia nisiende kwa Sheikh Mutlaq. Nilikuwa bado sijalifikiria.

Nimekwenda Ijumaa baada ya swala, baraza yake inapojaa. Nilivaa nyeusi, nikavua viatu, nikaketi karibu na mlango. Desturi yao nzuri, mgeni haulizwi jina wala shida. "Karibu mama, karibu, umeleta baraka!" Wanaume wengi, wa ukoo wake na wa koo nyingine, na wakubwa wawili wa mjini. Mmiminaji akaja na dele la kahawa, akanipa finjani. Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Nikaiweka chini mbele yangu.

Ungesikia, Shazli, maongezi yalivyokatika kama uzi.

Sheikh Mutlaq akanitazama. Ni mzee wa sura nzuri, hukudanganya. Katika barua zako zote ndevu ndizo za kweli. Aliona mjane Mmisri, pengine anataka kibali, pengine anataka nauli. Na wageni wanamwangalia. Mtu mkubwa mbele za watu ni kama mashine bila breki: akishaanza lazima amalize. Akasema kwa sauti ya kufika nje:

"Kunywa kahawa yako, hajja. Ulichokujia umekipata, isipokuwa kama unataka roho ya mtu."

Watu wakasema, "Allah akupe umri, Sheikh!"

Nikasema, "Roho ya mtu ninyi mlishaichukua. Mimi ni Mama Dahi."

Mmiminaji alibaki na dele hewani.

Kijana mmoja kwa kule akasema, "Mama, hilo limekwisha. Ndugu yako alitusamehe, kahawa tulikunywa."

"Mlikunywa kahawa ya mkulima wa nyanya wa shemeji ya Sheikh. Kama ilikuwa tamu, hongereni. Damu ya mwanangu haikuwa ndani ya birika lake."

Mwingine akanguruma, "Mwanamke anakuja kutuvunjia heshima barazani petu!"

"Nimekaa, nimesalimu, nimepokea finjani. Desturi yenu nimeivunja wapi? Nioneshe niombe radhi."

Sheikh alikuwa ameuma ncha ya ndevu. Akasema polepole, "Unataka nini, mama wa Dahi?"

"Mali sitaki. Damu sitaki, walioitaka nimewakalisha chini kwa mkono wangu huu, na mkono umeanza kuchoka. Nataka kitu ulicho nacho, na hakikugharimu ila neno. Sema hapa, mbele ya wageni wako: aliyeona mkono ulioshika bunduki, aende kwa hakimu aseme, na hatakuwa adui wa nyumba hii."

"Unaniomba nimtoe mwanangu."

"Naomba usimfiche. Mimi wangu nimeshamtoa."

Shazli, nikawa natazama povu la kahawa linavyotoweka. Alikuwa ameshasema "umekipata", na si kwangu tu. Kwa koo tatu na wakubwa wawili. Angeweza kunifukuza. Jioni ileile mji mzima ungejua kwamba neno la Sheikh Mutlaq halifiki kwa mjane. Akasema, na sauti sasa haikufika nje:

"Aliyeona hatumzuii."

"Wala si adui?"

"Wala si adui. Kunywa."

"Nitakunywa siku maneno hayo yakifika mahakamani. Kahawa yako naiheshimu, Sheikh, siinywi kwa mkopo."

Nikainuka, nikavaa viatu. Finjani nimeiacha pale ilipo, imejaa.

Wewe hukuja mpaka mlangoni kwangu. Dereva wa nyanya ameniuliza, "Huyu ni ndugu yako wa baba mmoja au vipi?" Nimemwambia sina hakika.

Tafida


Zarqa, 4 Oktoba 1998

Kwa dada yangu Tafida,

Salamu. Rasmiya na watoto wazima. Sijui nianze na nini.

Najua umesharudi Girga. Siku ya hukumu nilikuwa nyuma kabisa ya mahakama, chini ya dirisha. Ulipita mbele yangu ukiwa na wakili wako mfupi, nikasimama, hukutazama. Nimekuandikia ili ujue ambayo hukuyaona, kwa sababu huku mimi nasikia.

Finjani yako haikumwagwa. Mmiminaji alitaka kuiondoa jioni ileile, Sheikh akamwambia, "Iache." Akaiweka dirishani. Kahawa ilikauka ikabaki doa jeusi. Kila mgeni akiingia anaitazama, kisha anamtazama Sheikh. Wengine walianza kuweka za kwao chini nao, kwa utani, kisha si kwa utani. Mtu wa ukoo mwingine alimwuliza mbele za watu, "Mmisri bado anawadai neno?" Nasikia usiku huo Sheikh alimwita Fawaz, bwana harusi, akamwambia, "Nilisema hatumzuii aliyeona. Wewe uliona?" Fawaz akalia. Alikuwa pembeni ya Hazaa, bega kwa bega, siku ya harusi yake. Akasema, "Ami, bunduki aliinyoosha mbele. Nilidhani anatania."

Hayo mengine uliyasikia mwenyewe kwa hakimu. Miaka kumi na mitano.

Bwana wa shamba amenitoa. Hakusema kwa nini. Chumba cha nyongeza na cha zamani, vyote. Tuko kwa rafiki, Zarqa, mpaka nipate nauli.

Nasikia utapokea rambirambi. Naomba nije. Ni mwana wa dada yangu.

Swali lako la mwanzo nimelibeba miezi yote. Sijui kama nilijua. Nilikuwa nawatazama wamekaa kwangu, watu wale wote.

Shazli


Girga, 21 Oktoba 1998

Shazli,

Salamu kwa Rasmiya. Mwambie chumba cha juu cha baba kina paa jipya na kitanda, aje na watoto, shule hapa haijajaa. Mahindi yako shambani, yatavunwa wiki ijayo. Shangazi Zanuba anasema mjukuu wake ameanza kupiga watu, jina limeshika. Injini nimenunua nyingine, ya Asyut.

Kabla ya kuondoka Karak nilikwenda barazani. Sheikh Mutlaq alikuwa peke yake na mmiminaji. Amekonda. Akaniletea finjani ile ile, imeoshwa. Nikanywa: chungu, ya iliki, imepikwa vizuri. Nikaitikisa kama wanavyofanya kuonesha inatosha, nikamrudishia mkononi. Mzee yule kapoteza mwana kwa sababu ya neno alilolisema kwa majivuno kwa mtu asiyemjua, na neno hakulirudisha. Sikumpenda, ila nimempima, akafika uzito. Wewe ni wa tumbo moja nami, na kila nikikuweka kwenye mizani mshale haujatikisika.

"Sijui kama nilijua." Sawa. Jibu la neno moja limekuchukua miezi sita, na umelileta nusu.

Turubai wanalifunga Alhamisi ya kwanza ya Novemba, mbele ya nyumba, kuanzia ukuta wa mashine mpaka kisima. Wana wa shemeji ndio wanaochimbia nguzo. Bunduki nimeziona mwenyewe zikirudishwa darini na nimeiondoa ngazi. Msomaji anatoka Qena. Kijiji kizima kitakuja, niliowarudisha Machi na nisiowarudisha. Watauliza ulipo.

Njoo. Nauli imo ndani ya bahasha hii.

Utasimama mlangoni mwa turubai na dele. Utammiminia kila anayeingia, mkubwa na mdogo, kwa mkono wa kulia, siku zote tatu, na kila mmoja utamsikia akisema Mungu amrehemu Dahi, naye atakunywa mbele ya macho yako. Wewe hutakunywa. Wa mwisho akiondoka utaosha finjani zote.

Kisha uje jikoni kwa baba. Nitakumiminia mimi mwenyewe, nitaiweka chini mbele yako, na nitaketi. Utangoja nikuambie kunywa.

Sijui nitachukua muda gani. Vaa nguo nzito, usiku wa Novemba una baridi.

Dadako,
Tafida